Ringi ya Pili

Pampu ya mashamba ya chumvi, Gongoni,
ilianza kunywa oili
mwezi wa pili tangu niishushe injini.
Lita kwa siku tatu, kisha lita kwa siku,
na moshi wa samawati ukitanda juu ya vidimbwi
hadi wakwanguaji chumvi wakajifunga leso puani.
Nilimwambia Mwaringa: ni oili ya kupima, hiyo.
Nilimwambia: ni chumvi, huku chumvi hula hata bawaba.
Akanunua ya kopo lenye lakiri.
Ikanywewa.

Leo nimeivua hedi.
Nzai kashika tochi. Ana wiki tatu kazini,
bado anauliza kila kitu.
"Plagi iko wapi, Fundi Kadzo?"
Haina. Ya petroli ndiyo hupigiwa cheche,
hii hujiwasha kwa kubanwa.
Umewahi kujaza baiskeli upepo
ukashika pampu kule chini, ikakuchoma?
Basi bana zaidi. Hewa ya sufuria nzima
isokomeze ndani ya kikombe cha kahawa.
Hapo nozeli iteme dizeli,
ukungu mwembamba kuliko chafya ya paka,
na ukungu huo haungoji kuambiwa.

Nikamsomea hesabu niliyosomewa na fundi wangu, Mambrui,
akinigongea kila neno kwa spana namba kumi na saba:

    Mara ya kwanza huvuta
    hewa bila ya mafuta,
    ya pili huifumbata
    mpaka ikawa moto.

    Ya tatu ndiyo ya kazi,
    dizeli hupiga mbizi,
    nne hutoa pumzi,
    moshi upate mapito.

Nzai akacheka. "Mara nne, kazi moja?
Kama nyumbani kwa mjomba.
Na hizo tatu, nani huzilipia?"
Nikampeleka nyuma, nikamwekea mkono kwenye flaiwili,
duara la chuma, zito kama ng'ombe aliyelala.
Huyu. Hukopa ile moja, akazilipa zile tatu.

Kisha tukageuza krenki taratibu,
tukalegeza kofia ya konrodi,
tukaisukuma pistoni juu, ikatoka
nyeusi, inateleza, ina joto la jana.
Ringi tatu kiunoni.
Ya juu huzuia moto.
Ya chini kabisa hurudisha oili kwenye karta.
Ya pili, ya katikati, ina ukingo mmoja mkali
wa kukwangua ukuta wa silinda kuelekea chini,
na karibu na mdomo wake ina kidoti,
kidogo kama yai la chawa.
Kidoti hutazama juu. Ndiyo sheria yote.

Nikafuta masizi kwa kidole gumba.
Kidoti kilikuwa kinatazama chini
kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Miezi yote ile, basi,
kila pistoni ikipanda, ringi yangu ilikuwa kijiko,
inachota oili, inaupelekea moto,
mara mia saba na hamsini kwa dakika,
na mimi nikikaa kibandani nalaumu chumvi.

Tochi ikatulia palepale.
"Hii," akasema Nzai, "si ilitakiwa iangalie juu?"
Ndiyo.
"Nani aliiweka?"
Kulikuwa na jina la fundi wa Malindi mjini
aliyewahi kuigusa mashine hii zamani.
Lilikuwa tayari ulimini.
Nje reki zilikuwa zinakwaruza chumvi, kwaru, kwaru,
kwenda upande mmoja tu.

"Mimi," nikasema. "Lete seti mpya."

Akazivisha yeye. Kila moja kabla ya kuipitisha
aliniletea hadi puani.
"Juu?"
Juu.

Saa kumi kasoro tukazungusha hendeli.
Ilikohoa mara mbili, ikashika,
moshi ukawa mweusi, ukawa kijivu, ukawa hauonekani.
Mwaringa akatoa kitabu cha risiti, kalamu na uso wa kulipa.
Nikaandika: ringi, seti moja. Gasketi ya hedi, moja.
Kwenye ufundi nikapiga mstari.
Akautazama mstari. Akanitazama.
"Na zile oili za kopo?" akasema.